Kipindi cha Asidi na Besi Bila Mzee Kimanzi

Mzee Kimanzi,

Leo asubuhi nimewafundisha kidato cha pili asidi na besi, na wewe hukuwepo. Ukiondoa wiki tatu za zamani, ni mara ya kwanza tangu niletwe shule hii. Nilifikiri ulimi utanikwama, lakini haukukwama. Nilifundisha vipindi viwili mfululizo, watoto wakaandika, kengele ikalia, wakatoka. Ndipo nikaketi kwenye kile kiti chako kisicho na mgongo, nikachukua karatasi.

Ulikufa likizo ya Agosti nikiwa kwetu Nyeri. Barua ya mwalimu mkuu ilinifikia siku nne baada ya wewe kuzikwa. Niliporudi hapa Nuu nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwako, mkeo akanionyesha mahali ulipozikwa. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka kwa jua. Sikulia. Nilisimama, nikasema pole, nikanywa chai niliyopewa, nikaenda zangu. Mimi na wewe hatukuwa watu wa maneno mengi, na siku ile sikujua nianzie wapi. Kwa hiyo naanza na kazi.

Maabara iko vile ulivyoiacha, isipokuwa kioo kimoja cha dirisha kimevunjwa na mpira. Bodi ya shule imetuletea msaidizi mpya, msichana anayeitwa Ndinda, ana cheti cha kazi hii. Alipofika alizipanga chupa kwa alfabeti. Nilimweleza kwamba wewe ulizipanga kwa hatari: za kuua rafu ya chini, za kuchoma katikati, za kawaida juu. Alisikiliza, akaandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata nikakuta amezirudisha za kuua chini. Nafikiri mngeelewana.

Kuna jambo moja ambalo mimi na wewe hatukulimaliza. Nitaliandika kwa utaratibu, kama ripoti ya jaribio, kwa sababu nisipofanya hivyo nitaliruka tena.

Nilikuja hapa nikiwa na miaka ishirini na mitano, digrii yangu ikiwa bado inanukia wino. Ilikuwa kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuingia. Shule ya harambee iliyojengwa kwa michango, madarasa manne, na stoo moja ya majembe iliyogeuzwa maabara. Ndani ya stoo nilikukuta wewe, umevaa koti jeupe lililotiwa viraka vya kijivu, unaosha mirija ya kioo kwa unyoya wa kuku. Mimi sikujua Kikamba, wewe hukujua Kikuyu, tukabaki na Kiswahili, kila mtu na chake. Hukuwa umemaliza hata shule ya msingi. Uliajiriwa na mwalimu aliyenitangulia uwe unaosha chupa, na kwa kuosha chupa ukajifunza kilichokuwa ndani yake.

Nilikudharau, Mzee. Si kwa maneno. Nilikuita Mzee, nilikusalimu kwa mikono miwili. Lakini nilipokuwa nikieleza jambo darasani na wewe uko pembeni, nilieleza kana kwamba wewe ni meza.

Kipindi cha kwanza cha pH nilijaza ubao kwa logarithimu. Niliandika vizuri, mistari imenyooka. Nilipogeuka nikaona sura thelathini na kitu zinaniangalia jinsi mbuzi wanavyoangalia gari. Wewe ukakohoa pale pembeni. Ukasema, "Mwalimu, naweza kusema kitu kidogo?"

Ulichora mstari wa chaki sakafuni, kutoka mlangoni hadi dirishani, ukaandika sifuri upande wa mlango, kumi na nne upande wa dirisha, na saba katikati. Ukachukua kikombe kimoja cha maji ya ndimu, ukakimimina kwenye ndoo, ukaongeza vikombe tisa vya maji. Ukamsimamisha mtoto mmoja kwenye mbili, ukamwambia asogee hadi tatu. Kisha ukachota kikombe kimoja kutoka ndoo hiyo, ukakitia kwenye ndoo nyingine na vikombe tisa vya maji. Mtoto akasogea tena. Ukarudia mara ya tatu. "Amepiga hatua ngapi?" Wakasema tatu. "Na ile ndimu yetu imebaki kiasi gani?" Wakahesabu kwa vidole. Kisha mmoja nyuma kabisa akapiga kelele: moja kwa elfu!

Kwa usahihi, ndimu ni asidi dhaifu na haifuati hesabu ile sawasawa. Nilikuambia hivyo baadaye, kwa sauti ya mtu mwenye digrii. Ulinijibu, "Sawa. Lakini sasa wanajua hatua ni kubwa." Maji yaliyobaki ukayapeleka kwenye mpapai ulio nyuma ya jiko. Hukumwaga hata tone sakafuni.

Kuanzia hapo tulifundisha wawili. Mimi nilisema, wewe ulionyesha. Ulichuma yale maua mekundu ya haibiskasi kwenye uzio wa kanisa, ukayachemsha, ukapata maji ya zambarau. Watoto walileta vitu kutoka nyumbani: ndimu, maziwa yaliyoganda, maji ya jivu, chumvi, sabuni ya kipande. Tone la maji ya maua kwenye ndimu, jekundu. Kwenye maji ya chumvi halibadiliki. Kwenye maji ya jivu, kijani. Wasichana waliozoa jivu jikoni maisha yao yote walilitazama kama wanaliona leo. Ulikuwa na kanuni moja: kipindi cha kwanza ni vitu vya jikoni peke yake. Vya rafu vinangoja.

Mwaka wangu wa pili niliivunja kanuni hiyo.

Mkaguzi alikuwa anakuja wiki iliyofuata na mimi nilitaka aone tunafundisha kemia, si upishi. Nilichukua kostiki soda kutoka rafu ya chini, nikaiyeyusha, nikaitia kwenye chupa ndogo ya soda. Nyingine tatu nilizijaza maji ya ndimu yaliyochujwa, maji ya chumvi, na maji ya jivu yaliyochujwa vizuri. Nilitaka zote zionekane sawa, ili watoto washangae rangi zitakapotokea. Ulipita, ukaziangalia. Ulisema, "Mwalimu, bandika karatasi. Hizi chupa kwa macho ni moja." Nilikuambia nimezipanga kichwani, kushoto kwenda kulia, ndimu ya kwanza na kostiki ya mwisho.

Kisha meza ilihamishwa karibu na dirisha ili nipate mwanga. Wavulana wawili waliibeba na chupa zikiwa juu yake, na waliigeuza. Kushoto ikawa kulia. Mimi nilikuwa nafuta ubao.

Nilisema asidi ina ladha chachu. Nilisema, kwa kuwa hii ni ndimu tu, mmoja wenu anaweza kuonja. Kavata akanyoosha mkono. Unamkumbuka alivyokuwa, msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu, aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye paredi. Nikachukua chupa ya kwanza kushoto, nikampa. Mimi. Kwa mkono wangu.

Alipiga funda. Hakupiga kelele, hilo ndilo ninalolikumbuka. Alifungua mdomo tu na macho yakawa makubwa. Akatema, lakini si yote.

Nilijua mara moja ni nini. Na nilijua kemia: besi huzimwa na asidi. Niliruka nikachukua chupa ya ndimu nimtie mdomoni. Nilikuwa nimeshamshika kidevu. Wewe ulikuja kutoka pembeni, ukanishika kifundo cha mkono, na mbali na salamu hukuwahi kunigusa kabla ya siku ile. "Maji, Mwalimu. Maji tu." Nilibishana nawe. Nilisema itazimika! Ukasema, "Itazimika kwa moto." Ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma, nikakipatia alama, nikakisahau: asidi na besi zikikutana hutoa joto. Ningempika ulimi.

Ukawaita wavulana walete maji, kwa Kikamba, "Kiw'u! Kiw'u!" na wakakimbilia jikoni.

Ilikuwa ni mwaka wa kiangazi. Maji ya shule yalibebwa na punda kutoka visima vya mchanga mtoni, mapipa mawili kwa siku. Pipa moja lilikuwa limeshachotwa. La pili lilikuwa la kuchemshia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, chakula cha watoto wote. Mpishi alilishika kwa mikono yake, akasema halitoki. Sijui ulimwambia nini. Lilitoka. Ulimwinamisha Kavata juu ya karai, ukamshika paji la uso kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ukamwekea kikombe midomoni. Asukutue, ateme. Asukutue, ateme. Ulimkataza kumeza, ulikataza mtu asimtapishe. Ulihesabu vikombe kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, bila kuharakisha. Kengele ya kipindi ililia na wewe bado unahesabu. Mimi nilisimama na chupa ya ndimu mkononi.

Gari la misheni lilimpeleka hospitali Mwingi. Jioni watoto walikula mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyelalamika.

Daktari alimwangalia, akauliza ni nani aliyemwosha. Akasema mtu huyo ameokoa koo la mtoto. Ulimi na midomo vitachubuka, vitapona. Habari hiyo ilifika shuleni, lakini haikufika na jina lako. Kilichofika na jina lako ni swali la mwalimu mkuu, asubuhi iliyofuata, ofisini kwake, sisi wawili tumesimama: ni nani aliyeweka chupa zisizo na karatasi mezani?

Nilikuwa nimetayarisha jibu. Usiku mzima nililitayarisha. Wewe ulijibu kabla yangu. Ulisema, "Chupa ni zangu. Kuziandika ni kazi yangu."

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Kuziandika kulikuwa kwenye orodha ya kazi zako. Mwalimu mkuu akaniangalia mimi. Nikaangalia kalenda ukutani. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nimefundisha miaka mingi tangu siku hiyo, na sijawahi kufanya jambo baya kuliko kuiangalia kalenda ile.

Walikuondoa maabara, wakakupa mbuzi wa shule. Nilikuwa nikikuona kupitia dirishani, umevua koti jeupe, unawapeleka kilimani. Mkaguzi alikuja, akaenda. Nilifundisha peke yangu, na watoto hawakuniuliza kitu chochote. Si kuhusu wewe tu. Hawakuniuliza chochote kabisa. Nilisema kipimo cha pH kinaanzia sifuri hadi kumi na nne, wakaandika sifuri hadi kumi na nne. Ningesema hadi kumi na tano, wangeandika kumi na tano.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, ulibisha mlango wangu. Ulikuwa umevaa koti lako la kanisani. "Mwalimu, twende tumwone mtoto."

Tulitembea hadi saa sita. Njiani ulinionyesha mahali ambapo chui alimkamata ndama wa baba yako, na mti ambao nyuki wake ni wakali. Kuhusu chupa hukutamka neno. Nilingoja ulitamke, nikawa naomba usilitamke. Ungenilaumu, ningepata cha kujitetea.

Kwa kina Kavata walitupa viti uwanjani. Baba yake, mzee wa kanisa, aliomba kwa muda mrefu. Kavata alitoka akakaa kwenye mkeka. Midomo ilikuwa imebanduka na kuota upya, myekundu kama ya mtoto mchanga. Alikuwa anakunywa uji wa baridi kwa kijiko. Mama yake akamaliza kutugawia maji, akasimama mbele yetu, akauliza kitu kwa Kikamba. Alikuuliza wewe.

Wewe ukanywa maji kwanza. Kisha ukaniambia, "Anauliza kama tumesafiri vizuri."

Kavata akaweka kijiko chini. Sauti yake ilikuwa nzito, inakwaruza. Akasema, "Sivyo. Mama ameuliza ni nani alinipa ile chupa."

Alijua. Darasa zima liliniona nikimpa, lakini kwao ni mbali, na yeye hakuwa amemwambia mtu yeyote, si daktari, si baba yake. Baadaye aliniambia aliogopa kumtaja mwalimu. Siku ile aliniangalia tu. Haikuwa kwa hasira. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiangalia ubao, akingoja niandike.

Nikasema, "Ni mimi."

Wewe ukageuka kwa mama yake ukaitafsiri. Neno moja fupi. Sijawahi kukuuliza ulitumia neno gani.

Nilitarajia kelele. Mama yule alifuta mikono kwenye leso, akasema maneno machache, nawe ukayatafsiri yote safari hii: "Anasema kesho kutwa umwambie mwalimu mkuu. Anasema sasa ule." Akaleta muthokoi. Nilikula.

Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu. Alisema, "Ungeniambia siku ile." Nikapewa barua ya onyo, ambayo nilistahili, na iko kwenye faili hadi leo. Jumatano ulirudi maabara. Uliingia, ukapitisha kidole kwenye rafu, ukasema, "Vumbi." Ukachukua unyoya wako wa kuku. Nilifungua mdomo nikuombe msamaha. Ulikuwa umenipa mgongo, unamimina maji. Ukasema, "Mwalimu, tufanye kazi, watoto wako nje."

Tukafanya kazi. Tuliifanya miaka mingi. Hatukulitaja tena, na kila mwaka ulipopita ilizidi kuwa rahisi kutolitaja. Nilijiambia tumesameheana bila maneno. Sasa nikiandika naona kwamba ni mimi niliyejisamehe, nikatumia jina lako.

Kwa hiyo nasema sasa, kwa kuchelewa. Nisamehe, Mzee Kimanzi. Si kwa ajili ya chupa. Chupa ni kosa la mtu mzembe. Nisamehe kwa zile wiki tatu za mbuzi.

Kavata hakuendelea na kemia. Ana duka la vitambaa mjini Wote, na watoto wawili. Mkeo aliniambia kwamba alikuja mazishini, alisafiri siku nzima. Watu waliombwa waseme neno, akasimama. Alisema upande mmoja wa ulimi wake hausikii chumvi vizuri, na kwamba wakati ule wewe ulipokuwa unahesabu vikombe, alijua hatakufa, kwa sababu mtu hawezi kuhesabu taratibu hivyo kama kuna mtu anakufa. Kisha akaimba. Mkeo anasema sauti bado ipo.

Sasa habari ya mwisho, halafu niache.

Nilipokuwa nikinywa chai kwako, mkeo aliniuliza swali. Aliuliza kwa aibu kidogo, kikombe mkononi. Alisema umefanya kazi shuleni tangu mtoto wenu wa kwanza hajatembea, na kila akikuuliza unafanya nini huko, unamjibu, "Naosha vyombo." Akataka kujua kama ni kweli. Kama mume wake alikuwa mwosha vyombo. Si kwamba angeona aibu, alisema. Anataka tu kujua, kwa sababu watu wengi walikuja mazishini, wengine na magari, na hakuelewa ni kwa nini wamekuja kumzika mwosha vyombo.

Nilianza kusema neno pH, nikaona uso wake, nikaacha.

Nimeongea na mwalimu mkuu, nimeongea na Ndinda. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao mkeo atakuja shuleni na watoto wenu. Sitamhutubia. Nitamwomba alete kutoka jikoni kwake vitu anavyotumia kila siku, vyovyote. Ndinda atachemsha maua. Tutampa mkeo koti jeupe, tutampa kipimia matone, tutamwambia adondoshe mwenyewe, na kila rangi itakapotokea nitamwambia: hii ndiyo kazi aliyokuwa akifanya mumeo. Kisha nitamweleza siku ya Kavata, yote, na sehemu yangu nitaiweka mahali pake.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na nimeipangia siku, kwa hiyo siwezi kuikwepa.

Kwaheri, Mzee. Pumzika.

Wachira